Neno "msimu"

Vijana wa Port Reitz, Mombasa, husema "msimu umeanza" kila ligi inapofunguliwa. Neno hilo wamelirithi kwa mabaharia. Asili yake ni Kiarabu, mawsim, wakati maalumu wa jambo kurejea. Huku pwani likashikamana na pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha. Nahodha aliyechelewa kung'oa nanga alikaa Mombasa miezi kadhaa akingoja upepo ugeuke.

Kwa hiyo msimu unadai muda. Lakini si kila mahali: mwaka 1869 vyuo viwili vya Marekani, Rutgers na Princeton, vilikutana mara mbili tu, wachezaji 25 kila upande, mpira wa duara usioruhusiwa kubebwa. Tarehe 6 Novemba Rutgers walishinda 6 kwa 4. Wiki moja baadaye Princeton wakalipiza 8 kwa 0. Huko mechi hizo huhesabiwa kuwa msimu wa kwanza wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Kwa kipimo cha pwani, hizo ni mechi mbili. Msimu hasa ni ule wa 1965, klabu ya Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa ligi ya soka ya Kenya.

Watangazaji wetu, acheni kusema "sizoni". Neno tunalo.