Alama za Magurudumu Kando ya Mto Platte

Karibu na Kearney, jimboni Nebraska, mto Platte umejigawa vijito vijito kati ya mafungu ya mchanga, maji yakifika magotini tu. Nilifika ukingoni alfajiri moja ya Machi, na kabla sijaona chochote nikasikia sauti: makorongo wa kijivu, maelfu kwa maelfu, wakiitana gizani. Kila mwaka zaidi ya laki tano hutua hapa, hula mahindi yaliyobaki mashambani, kisha hupaa kuelekea kaskazini. Usiku hulala wamesimama majini, ambako mbweha hawezi kuwanyemelea.

Wenyeji, Waoto, waliuita mto huu maji bapa, na ndiko lilikotoka jina Nebraska.

Bonde la mto huu ndilo lililokuwa barabara. Tangu miaka ya 1840 hadi reli ilipokamilika mwaka 1869, watu zaidi ya 300,000 walipita wakielekea Oregon, California na Utah. Wengi walikwenda kwa miguu. Magari ya maksai yalibeba unga, nyama ya chumvi na wagonjwa. Mahali paitwapo Ash Hollow bado kuna mteremko uliochimbwa na magurudumu ya magari hayo, yaliyofungwa minyororo yasiporomoke. Ng'ambo ya mto, kwenye kijito cha Blue Water, tarehe 3 Septemba 1855 jeshi la Marekani lilishambulia kambi ya Walakota, wenyeji wengine wa nchi hii, na kuua watu 86, wakiwemo wanawake na watoto. Siwezi kuisifu njia hii nikaiacha kambi hiyo.

Mbele zaidi nchi inainuka. Mwamba wa Chimney Rock unachomoza peke yake juu ya nyasi, na wasafiri waliuona siku kadhaa kabla ya kuufikia.

Nje ya mji wa Scottsbluff yupo Rebecca Winters, mmoja wa wasafiri hao. Kipindupindu kilimuua Agosti 1852. Rafiki wa familia alichukua pete ya chuma ya gurudumu, akaichonga jina lake na umri, miaka 50, akaisimika kaburini. Nilipiga magoti kuisoma. Herufi bado zinasomeka. Wapima reli walipolikuta kaburi hilo mwaka 1899, waliisogeza njia ya reli. Maelfu ya wengine waliozikwa bondeni humo hawana hata kijiti. Ukipita Nebraska, usiishie kwenye barabara kuu: shuka garini, umsome Rebecca.