Daraja la ishara za reli

Daraja la ishara ni kiunzi cha chuma kinachovuka juu ya njia za treni na kubeba taa zinazomwelekeza dereva kusimama, kupunguza mwendo au kuendelea. Nchini Marekani viunzi vingi vya karne ya 20, vikiwemo vya Pennsylvania Railroad, ambayo taa zake za manjano zilisomwa kwa mpangilio wa safu badala ya rangi, vimeng'olewa. Kutu na uhaba wa vipuri vilichangia, lakini msukumo mkubwa ulikuwa sheria ya mwaka 2008, iliyopitishwa baada ya ajali ya Chatsworth, California, iliyoua watu 25, ikazitaka reli kuu kuweka mfumo unaoisimamisha treni dereva asipotii ishara. Kuuunganisha mfumo huo na nyaya kuukuu kulikuwa kazi ngumu kuliko kusimika milingoti mipya.