Kukizeesha kinu cha baba mdogo

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Waliodhani nimepata kazi ya mshahara mnono, poleni. Nilikuwa nyumbani Ipyana, Kyela, najenga kinu cha mpunga chenye urefu wa sentimita 50.

Ndiyo, sentimita. Ni modeli ya kinu cha baba mdogo, ambacho siku hizi kimebaki sakafu ya zege na bolti nne zilizokuwa zimeishika injini. Injini yenyewe ilishaondoka na wanunuzi wa chuma chakavu. Nilichukua futi nikapima sakafu: mita 12 kwa 6. Nikaamua kila sentimita 24 za kweli ziwe sentimita moja mezani kwangu, basi mahesabu mengine yote yakafuata hapo.

Kwa nini modeli, na mimi kazi yangu ni kalamu? Nilikwenda nikitaka kuandika historia ya mpunga wa kwetu, na kila niliyemuuliza alinipa hadithi ileile ya mchele wa Kyela unavyonukia. Ukweli tunaujua, jamani, unanukia! Lakini modeli haikubali majibu ya namna hiyo. Inataka kujua mlango ulifungukia ndani au nje, gunia liliwekwa wapi, nani alisimama wapi.

Mambo ya vitabuni yapo, tuyapitie harakaharaka. Joseph Thomson alipita upande huu wa Ziwa Nyasa mwaka 1879 akazisifia sana nyumba na migomba ya Wanyakyusa. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo chao Ipyana mwaka 1894. Godfrey na Monica Wilson walipofanya utafiti wao kati ya 1934 na 1938 waliukuta mpunga ukiwa tayari zao la kuuza huku uwandani, kama kahawa ilivyokuwa kule milimani Rungwe. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, makampuni ya kusaga nafaka yalitaifishwa, likazaliwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vya ushirika, NMC ikawa inanunua moja kwa moja vijijini. Ukikamatwa njiani na magunia yako bila kibali, una kesi.

Halafu ukaja mwaka 1984, na hapo ndipo baba mdogo anapoingia. Serikali ililegeza mambo mawili. Kwanza, mtu aliruhusiwa kusafirisha nafaka hadi kilo 500 bila kibali (kizuizi chenyewe kiliondolewa kabisa mwaka 1987). Pili, mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Maduka ya Dar yakaanza kujaa vitu, na kati ya vitu hivyo zilikuwemo mashine ndogo za kukobolea. Baba mdogo alinunua moja mwaka 1987, mpya, iliyotengenezwa India. Injini aliipata mkononi, Lister ya silinda mbili, nguvu za farasi 12, iliyokuwa imeshafanya kazi miaka mingi kwenye shamba la chai huko juu. Mtindo huo wa injini Waingereza wa Dursley waliuanza mwaka 1930, na ulizunguka mara 650 tu kwa dakika. Ndiyo maana mlio wake unahesabika. Waliokulia karibu na mashine wanajua ninachosema.

Ujenzi wenyewe haukunitesa. Kuta ni boksi gumu lililopakwa mchanga uliochekechwa na gundi nyeupe ya seremala. Kenchi ni vijiti vya mianzi, na mianzi kwetu haijawahi kuadimika. Mabati niliyatengeneza kwa makopo ya soda: unakata, unalaza juu ya kitana chenye meno mapana, unakandamiza kwa kalamu iliyokwisha wino. Bati la kweli lina milimita 76 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, langu lina milimita 3 na kitu. Magurudumu ya Lister ni vifuniko vya chupa vilivyogandishwa viwiliviwili.

Kazi ilikuwa kukizeesha. Modeli mpya inafanana na boksi la viatu, haina maisha. Nililoweka stilwaya ya kusugulia sufuria kwenye siki kwa siku mbili, nikapata maji ya kutu. Nikayapaka kila penye chuma: bati, injini, mashine, bawaba, pipa la maji ya kupoza. Nikaongeza masizi ya koroboi. Kilipokauka nilikipiga picha kumi na tano, nimejaa sifa mwenyewe, nikakibeba kwa mzee aliyeiendesha ile injini miaka yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akakizunguka, akainama, akachungulia mlangoni kwa jicho moja. "Hiki kimekufa, mwanangu. Nani kakiua?"

Nilidhani ananitania. Akanieleza taratibu kwamba kinu kinachofanya kazi hakipati kutu pale mpunga unapopita. Mpunga ni msasa. Na kweli, ganda la mpunga ukilichoma linabakiza jivu kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, na jivu hilo karibu lote ni silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Ndani ya mashine ya aina ile, mtindo uliobuniwa na Engelberg huko Brazili miaka ya 1880, rola ya chuma inazungusha mpunga, unasuguana wenyewe kwa wenyewe na kwenye kisu, pumba zinadondoka kupitia chekeche la chini na mchele unatokea mwisho wake. Chekeche linaliwa mpaka linatoboka. Mahali pa kumiminia pamesuguliwa pakawa kama kioo. Fremu ya mlango inang'aa kwa mabega na magunia. Sakafu nyeusi, laini, kwa oili na nyayo. Vumbi la pumba limelala juu ya kenchi tu, ambako hakuna anayefika.

"Sasa hiki ni cha mwaka gani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejenga gofu nililolijua utotoni, halafu nikaliita historia. Tukakubaliana iwe 1989, mwezi wa saba, mavuno yameshaingia. Nikabandua nusu ya kazi yangu. Kwa mwaka huo bati lilikuwa na miaka miwili, kwa hiyo hata kwa mvua za Kyela kutu ilitakiwa kwenye matundu ya misumari na kwenye maungio basi. Mashine bado ina rangi yake. Injini peke yake ndiyo mzee, kijani chake kimebanduka na kinavuja oili. Kumbe kila kitu ndani ya jengo moja kina umri wake! Nilichekecha pumba halisi kwa kipande cha kanga, nikapuliza vumbi lake juu ya kenchi.

Ukabaki ukuta wa ndani, ule wa mizani.

Mzee alisema ukuta ule ulikuwa na mistari ya mkaa. Mstari mmoja, gunia moja. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne, mpunga ukiwa bado shambani na chakula kimeisha ndani, baba mdogo aliwakopesha watu fedha kidogo, nao wakaja kulipa kwa magunia baada ya mavuno. Magunia ya lumbesa, kwa bei aliyoitaja yeye. Baadaye alipogombea uongozi wa kijiji aliupaka ukuta chokaa. Binamu yangu, mwanawe, aliposikia nauliza habari hizo alinivuta pembeni: "Weka chokaa, kaka. Na chokaa si ilikuwepo?"

Ilikuwepo. Lakini si mwaka 1989. Ningekuwa nimechagua mwaka mwingine ningeweza kumridhisha ndugu yangu bila kusema uongo, na nakiri usiku ule niliufikiria sana mwaka 1995.

Asubuhi nikaenda kwa shangazi, dada wa baba mdogo. Kabla ya mashine alitwanga kwa mikono kila siku, na hana hamu kabisa na kinu cha mchi. "Mgongo wangu ndugu yangu aliuokoa," aliniambia. Kisha, bila kupumzika, akaanza kunisimulia kuhusu pumba. Ukitwanga nyumbani, pumba ni zako, za kuku na nguruwe. Mashinani zilibaki kwa mwenye mashine, naye akawauzia wachoma matofali. Wanawake walilalamika, wakaambiwa hiyo ndiyo bei ya mgongo.

Nikamwonesha modeli. Nilikuwa nimechora mistari kwa penseli laini, michache, ya kubahatisha. Akavaa miwani, akaisogeza modeli dirishani, akaifuata kwa ukucha mstari baada ya mstari.

"Vyangu viko wapi?"

"Vyako, shangazi?"

"Magunia manne. Juu kidogo ya mizani, upande wa mlango. Nilikuwa dada yake, na aliandika."

Nikachukua mkaa jikoni kwake, nikauchonga ncha kwa wembe, nikaongeza mistari minne pale aliponielekeza. Binamu bado hajaja kukiona.