Matumbawe

Matumbawe (umoja: tumbawe) ni wanyama wadogo wa baharini wa ngeli Anthozoa katika faila Cnidaria. Mnyama mmoja huitwa polipi. Spishi nyingi huishi katika makoloni yenye polipi mamia au maelfu walioungana, na kundi linaloitwa matumbawe magumu hutoa chokaa na kujijengea kiunzi kama jiwe. Viunzi hivyo vikirundikana kwa maelfu ya miaka hufanya miamba ya matumbawe, ambayo ni miongoni mwa makazi yenye spishi nyingi kuliko yote baharini. Kwa Kiswahili neno “tumbawe” hutumika kwa mnyama mwenyewe na pia kwa jiwe linalobaki baada yake.

Kwa sababu tumbawe halisogei na lina umbo la kichaka au jiwe, kwa muda mrefu wataalamu walilihesabu kuwa mmea au madini. Katika miaka ya 1720 daktari Mfaransa Jean-André Peyssonnel alichunguza matumbawe hai na kueleza kwamba yale yaliyodhaniwa kuwa maua yake ni wanyama. Maoni yake hayakukubaliwa mara moja, lakini baadaye yalithibitishwa.

Uainishaji

Jamaa za matumbawe katika faila Cnidaria ni konyeza, haidra na anemoni-bahari. Wote wana seli za kuchoma, na mwili wao una tundu moja tu linalotumika kama mdomo na pia kwa kutoa uchafu. Sifongo, ingawa huishi kwenye miamba hiyohiyo, si jamaa wa karibu. Wako katika faila Porifera, hawana mdomo wala neva, nao hujilisha kwa kuchuja maji yanayopita katika vitundu vya mwili.

Matumbawe hugawanywa katika makundi makuu mawili:

- Hexacorallia: minyiri ya polipi ni sita au kizidishi cha sita. Humo kuna oda Scleractinia, yaani matumbawe magumu, ambayo ndiyo wajenzi wakuu wa miamba. Jenasi zinazojulikana sana ni Acropora (yenye matawi), Porites (yenye umbo la jiwe la mviringo) na Pocillopora.
- Octocorallia: kila polipi ana minyiri minane yenye vijitawi kama unyoya. Humo kuna matumbawe laini na matumbawe ya umbo la kipepeo. Marijani nyekundu inayotumika kwa shanga na vito (Corallium rubrum) ni ya kundi hili, nayo hutoka hasa Bahari ya Mediteranea.

Maumbile na chakula

Polipi ana umbo la mfuko mdogo. Chini amejishikiza kwenye mwamba, na juu kuna mdomo uliozungukwa na minyiri. Katika spishi nyingi upana wake ni milimita chache tu. Polipi wa koloni moja wameunganishwa kwa ngozi nyembamba, hivyo chakula alichopata mmoja huweza kuwafikia majirani.

Ndani ya seli za kuchoma kuna kidonge kidogo chenye uzi uliokunjwa. Kiumbe mdogo akigusa mnyiri, uzi hufyatuka, humchoma na kumtia sumu. Matumbawe mengi hufunga minyiri mchana na kuifungua usiku, wakati viumbe wadogo wanaoelea majini wanapopanda karibu na uso wa bahari.

Ushirikiano na miani

Maji ya bahari za tropiki ni maangavu kwa sababu yana virutubishi vichache. Mawindo ya usiku peke yake hayatoshi kujenga mwamba mkubwa. Matumbawe yanayojenga miamba hupata sehemu kubwa ya nishati kutoka kwa miani ya seli moja, inayoitwa zooksanthela, ambayo huishi ndani ya seli za polipi.

Miani hii hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari na kumpa polipi sehemu kubwa yake. Kwa upande wake polipi huipatia miani makazi, dioksidi ya kaboni, na pia nitrojeni na fosforasi kutoka katika uchafu wake. Rangi ya kahawia au kijani ya matumbawe mengi hutokana na miani hiyo, kwa kuwa nyama ya polipi yenyewe karibu haina rangi.

Ushirikiano huu unaeleza mahali miamba inapopatikana. Matumbawe ya aina hii huhitaji maji maangavu, ya chumvi na yenye kina kidogo ambako mwanga unafika. Hayastawi katika maji yanayokaa chini ya sentigredi 18 hivi, wala karibu na midomo ya mito mikubwa inayomwaga maji baridi na tope. Kuna pia matumbawe yasiyo na miani, nayo huweza kuishi gizani katika vilindi.

Kiunzi na ukuaji

Polipi hutoa kabonati ya kalisi chini ya mwili wake na kujitengenezea kijibakuli. Kila anapoinuka hujenga sakafu mpya, na sakafu ya zamani hubaki tupu chini yake. Kwa hiyo katika tumbawe kubwa ni ngozi ya juu tu iliyo hai. Matumbawe ya matawi huweza kurefuka kwa sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, lakini Porites na mengine ya umbo la jiwe hukua kwa sentimita moja au mbili tu. Koloni la Porites lenye kimo cha mita kadhaa huwa na umri wa karne nyingi.

Ukuaji hubadilika kwa majira, hivyo kiunzi huwa na mistari ya kila mwaka kama ile ya shina la mti. Kemikali zilizomo katika mistari hiyo huonyesha hali ya bahari ya wakati huo. Tumbawe la karibu miaka 300 lililochunguzwa Malindi, Kenya, lilihifadhi kumbukumbu ya tope la mto Sabaki. Tope hilo lilikuwa karibu la kiwango kilekile kati ya 1700 na 1900, kisha likaongezeka katika karne ya 20 kadiri ardhi ya bara ilivyozidi kulimwa na kumomonyoka.

Uzazi

Koloni hukua kwa polipi kuchipua polipi wengine. Kipande kilichovunjwa na mawimbi pia huweza kushika mahali pengine na kuendelea kukua.

Kwa njia ya jinsia, spishi nyingi humwaga mayai na manii baharini usiku. Katika Mwamba Mkubwa wa Kizuizi huko Australia spishi nyingi hufanya hivyo katika usiku michache baada ya mwezi mpevu. Katika pwani ya Kenya, iliyo karibu na ikweta, kazi hiyo husambaa katika miezi kadhaa. Yai lililorutubishwa huwa lava aitwaye planula, ambaye huelea kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kutafuta mahali pagumu pa kushika. Akitua kwenye mchanga, tope au mwamba uliofunikwa na mwani mnene, kwa kawaida hufa.

Aina za miamba

Mwaka 1842 Charles Darwin alieleza aina tatu za miamba: mwamba wa pwani, ulio karibu na nchi kavu, mwamba wa kizuizi, uliotengwa na pwani kwa maji ya kina, na atoli, yaani mwamba wa umbo la pete unaozunguka wangwa. Alidai kwamba aina hizo ni hatua za mfululizo. Kisiwa cha volkeno huzama polepole, na matumbawe huendelea kujenga kuelekea mwanga mpaka kisiwa chenyewe kinatoweka. Mwaka 1952 uchimbaji katika atoli ya Enewetak, Bahari ya Pasifiki, ulipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla ya kufika kwenye mwamba wa volkeno.

Miamba ya matumbawe hufunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini inakadiriwa kwamba robo ya spishi zote za baharini hutegemea miamba hiyo katika sehemu fulani ya maisha yao.

Pwani ya Afrika Mashariki

Miamba mingi ya Kenya na Tanzania ni miamba ya pwani. Hukatika penye midomo ya mito kama Tana, Sabaki na Rufiji. Mwamba huvunja nguvu ya mawimbi, na nyuma yake maji hutulia, nyasi za bahari huota na vyombo vidogo hupita salama. Pweza, kambakochi, changu na samaki wengine wengi wanaovuliwa na wavuvi wadogo hutegemea miamba hii.

Zamani kina cha bahari kilikuwa juu zaidi kuliko sasa, na miamba ya wakati huo leo ni nchi kavu. Mawe yake ndiyo yaliyojenga miji ya Waswahili: Kilwa Kisiwani, Gede, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mafundi walitumia pia matumbawe ya Porites yaliyokatwa baharini, kwa kuwa huchongeka kwa urahisi yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka. Yalifaa kwa mihrabu na fremu za milango. Chokaa ya kujengea na kupaka kuta ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo.

Kupauka

Ushirikiano na miani una udhaifu wake. Joto la maji likizidi kiwango cha juu cha kawaida cha msimu kwa sentigredi moja tu kwa wiki kadhaa, miani huanza kutoa kemikali zinazomdhuru polipi, naye huitoa mwilini. Nyama hubaki bila rangi na kiunzi cheupe huonekana. Hali hii huitwa kupauka. Tumbawe lililopauka bado li hai, na maji yakipoa mapema huweza kupata miani tena. Joto likiendelea, hufa kwa njaa au ugonjwa.

Mwaka 1998, wakati wa El Niño, kupauka kulienea duniani kote na inakadiriwa kwamba asilimia 16 ya miamba ya matumbawe iliharibika vibaya. Bahari ya Hindi magharibi iliathirika sana. Kusini mwa Kenya miamba mingi ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake. Kupauka kwa dunia nzima kulitokea tena mwaka 2010 na kati ya 2014 na 2017, na tukio la nne lilitangazwa Aprili 2024. Tumbawe huhitaji miaka kumi au zaidi kurudia hali yake, hivyo hatari kubwa ni kufupika kwa muda kati ya joto moja na lingine. Tathmini iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kwamba miamba yote ya Bahari ya Hindi magharibi imo hatarini kuporomoka katika miaka 50 ijayo.

Dioksidi ya kaboni inayoyeyuka baharini huongeza pia asidi ya maji na kuwafanya polipi washindwe kujenga kiunzi haraka.

Vitisho vingine na hifadhi

Uvuvi wa baruti huvunja kwa sekunde chache kiunzi kilichojengwa kwa miongo, na vifusi vinavyosukumwa na mawimbi havimpi planula mahali pa kushika. Nyavu za kukokota, nanga, majitaka na tope pia hudhuru. Samaki wala-mwani kama pono na tasi wakivuliwa kupita kiasi, mwani hufunika mwamba na matumbawe machanga hukosa nafasi.

Kenya ilianzisha hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968. Tanzania ina Hifadhi ya Bahari ya Mafia tangu 1995, na huko Zanzibar mwamba wa kisiwa cha Chumbe umefungwa kwa uvuvi tangu miaka ya 1990. Katika kaunti ya Kilifi wavuvi wa Kuruwitu walitenga wenyewe sehemu ya bahari yao katika miaka ya 2000. Maeneo ya namna hiyo huitwa tengefu.

Hifadhi haiwezi kuzuia maji yasipate joto. Faida yake ni kwamba mwamba wenye samaki wala-mwani na usio na vifusi huwapa planula mahali pa kuanza tena baada ya kupauka.