Makro za Excel na mstari wa 32,768

Makro imefanya kazi miaka mingi, halafu siku moja inakwama: kosa nambari 6, "Overflow". Wengi hulaumu virusi. Tatizo mara nyingi ni la kihistoria.

Mwaka 1993, Microsoft ilipoleta Visual Basic for Applications ndani ya Excel 5.0, karatasi moja ilikuwa na mistari 16,384. Kuihesabu kwa Integer, yenye baiti 2 na kikomo cha 32,767, kulitosha na kubaki. Excel 97 ikaongeza mistari hadi 65,536, na Excel 2007 ikafika 1,048,576. Integer haikuongezwa. Kwa hivyo faili ya mishahara au ya stoo ikipita mstari wa 32,767, makro ya namna hiyo inaanguka.

Dawa ni kubadilisha neno moja: andika Dim mstari As Long. Long hufika 2,147,483,647.

Kabla ya hapo, tafuta On Error Resume Next uiondoe. Hiyo huficha kosa tu. Makro huendelea na nambari ya zamani, na jumla unayompelekea mkubwa wako huwa si ya kweli. Afadhali makro ikwame uione.