Nguvu ya injini pekee haishindi mbio

Katika Gran Turismo 4, mchezo wa video wa PlayStation 2 uliotengenezwa na Polyphony Digital ya Japani na kutolewa mara ya kwanza mwaka wa 2004, gari hupimwa pia kwa mbio fupi za mita 400 zisizo na kona. Wengi humaliza fedha walizoshinda mchezoni kwa kununua tabo, kisha magurudumu huzunguka bure gari linapoondoka.

Tairi laini zinazoshika barabara hutangulia. Kupunguza uzito hufuata. Gia nazo zahitaji kiasi: zikiwa fupi mno, injini hufikia ukomo wake kabla ya mstari wa mwisho, zikiwa ndefu mno, gari huchelewa kushika kasi. Lililorekebishwa vyema humaliza likikaribia upeo wa gia ya juu.