Kuunganisha seva ili huduma isikatike

SEVA moja inapozimika katika benki, hospitali au ofisi ya kukata tiketi, kazi yote husimama hadi fundi awasili. Ili kuepuka hali hiyo, wataalamu huunganisha seva mbili au zaidi ziwe kundi moja, ili moja ikianguka nyingine ichukue huduma zake.

Katika mfumo wa Linux, kazi hiyo mara nyingi hufanywa na programu mbili zinazoshirikiana. Corosync huziwezesha seva kusikilizana na kuhesabu zilizo hai, wakati Pacemaker huamua ni huduma ipi iendeshwe wapi. Kwa fundi asiyependa kuandika amri ndefu, Red Hat imeweka ukurasa wa picha na vitufe. Katika toleo la 8 na la 9 ukurasa huo hufunguliwa kwa kivinjari kupitia mlango namba 2224. Katika toleo la 10, lililotoka mwaka 2025, ulihamishiwa ndani ya Cockpit.

Kabla ya kuufungua, kila seva huwekewa programu hizo, na mtumiaji aitwaye hacluster hupewa neno la siri, ambalo ni vema liwe moja kwa seva zote. Baada ya hapo, fundi huingia kupitia seva yoyote, huandika jina la kundi na majina ya seva, na mipangilio husambazwa kwa zote.

Hadi hapo ni kazi ya dakika chache. Ugumu upo katika swali moja: seva isiyojibu imekufa, au ni waya wa mtandao tu uliokatika? Endapo ya pili itadhani mwenzake amekufa, kumbe yu hai, zote mbili zaweza kuandika kwenye diski moja kwa wakati mmoja na kuharibu kumbukumbu za wateja. Kwa sababu hiyo Pacemaker, isipoamriwa vinginevyo, hukataa kuanzisha huduma yoyote mpaka kiwepo kifaa cha kumzima kwa nguvu asiyejibu. Wapo mafundi wanaozima kinga hiyo ili vitufe vigeuke kijani haraka, na huo ni uzembe.

Kifaa chenyewe nacho huhitaji kufikiriwa. Kadi ya usimamizi iliyo ndani ya seva hutegemea umeme wa seva hiyo hiyo. Umeme ukikatika, kadi haijibu, na seva iliyobaki hungoja uthibitisho usiokuja. Hivyo inafaa kuongeza swichi ya umeme inayoamrishwa kwa mtandao, yenye njia yake ya umeme.

Kundi pia huhitaji akidi, kama ilivyo bungeni: zaidi ya nusu ya kura. Seva mbili zikitengana, hakuna yenye wingi. Corosync ina mpangilio maalumu wa seva mbili, lakini kura ya tatu kutoka mashine nyingine ndogo ni salama zaidi.

Huduma huongezwa mwisho, kwa mpangilio: diski, anwani ya mtandao, kisha programu yenyewe. Zikiwa katika fungu moja, huwaka kwa mfuatano huo na kuzimwa kinyume chake.

Kwa majaribio, kipo kitufe cha kuipumzisha seva moja ili huduma zihame. Hicho hupima uhamaji wa hiari tu. Kinga hupimwa kwa kuchomoa waya wa mtandao, kabla mteja wa kwanza hajaingia.